Ankali wa Zamu: Mji nshauteka, sasa niupeleke wapi?

Mwezi huu barua za wachezaji wa Civ (yani Civilization, gemu za kompyuta za kujenga dola na kupigana kwa zamu) zimekuja nyingi na karibu zote zalia kilio kimoja, mtu kapigana vita kashinda, kakabidhiwa mji, halafu kabaki anauangalia kama mtu aliyepewa mbuzi wa bure na nyumbani hana hata pa kumfunga. Zengine nimezifupisha maana kuna mtu kaniandikia kurasa nne, tatu zote anamtukana jirani yake wa kwenye kompyuta. Haya twende.

*

*Ankali assalaam aleikum. Mie nipo Chake, nacheza Civ V kwenye laptop ya kaka angu usiku akishalala. Nlikuwa na miji minne tu, raha (ile alama ya furaha ya watu wako wote) imejaa, mambo mazuri, jirani akanivamia bila sababu nami nikamtandika, ndani ya zamu kama arobaini nshachukua miji saba, kila mji nikiuteka nabonyeza kuutwaa rasmi maana nlijua hapo ndo unakuwa wangu kweli kweli. Saivi raha imefika -17. Watu hawaongezeki, jeshi limekuwa butu, juzi nikateka wa nane nikasema huu nauchoma nipunguze mzigo, raha ikazidi kushuka!! Nimekosea wapi na natoka vipi humu?*
*Wa Chake Chake*

Waaleikum salaam. Kwanza pole, pili karibu kwenye chama, maana sote tulianza hivo hivo.

Kosa lako liko kwenye kile kitufe. Civ V ukiteka mji inakupa njia tatu: kuutwaa rasmi, kuuacha uwe kibaraka wako, au kuuchoma. (Ya nne ni kuukomboa, ila hiyo inatokea tu kama mji ulikuwa wa mtu mwengine kabla ya huyo uliyemnyang'anya.) Jina "kuutwaa" linavutia, linasikika kama ushindi kamili, lakini mji uliotwaliwa bila kujengewa jengo la mahakama unahesabiwa mji wa mabavu na watu wake wanakununia kuliko wa kawaida. Hebu tupige hesabu. Mji wa kawaida au wa kibaraka unakula raha 3 kwa kuwepo tu, na 1 kwa kila mtu aliyemo. Mji wa mabavu unakula 5 kwa kuwepo na 1.34 kwa kila mtu. Chukua mji wa watu 6: ukiwa kibaraka ni 9, ukiwa wa mabavu ni 13. Tofauti 4. Zidisha kwa miji yako saba unapata 28, yani kama yote ungeiacha vibaraka na yote ina watu sita sita, leo usingekuwa -17 ungekuwa +11, unakunywa chai yako.

Sasa kutoka. Mji ulioshautwaa haurudi tena kuwa kibaraka, hilo lisahau. Dawa ni mahakama, ukishaijenga ile nuna ya ziada inaondoka. Lakini mji ambao bado una upinzani haujengi wala haununui kitu, na upinzani unakaa zamu nyingi kadiri mji ulivokuwa na watu wengi, kwahiyo anza na ile iliyotulia. Inunue kwa dhahabu, usingoje kujenga, mji uliotekwa unajenga taratibu kama mtu alofunga na jua la saa nane. Na anza na mji mkubwa, maana mji wa watu 12 mahakama inakurudishia karibu raha 6, wa watu 3 inakurudishia 3 tu na bei ya jengo ni ile ile. Jua pia kila mahakama inakula dhahabu 4 kila zamu, saba ni 28, ndo maana siwezi kukwambia "jenga zote" halafu nikakuacha ukafilisike.

Hapo sasa ndo unachagua wa kuchoma. Vile vijiji vya watu wawili watatu, havina bidhaa yoyote ya anasa ambayo huna, haviko njiani, vichome vyote. Ila usichome mji wenye maajabu ndani, jengo la maajabu likiungua limeondoka duniani, hakuna wa kulijenga tena, mie nshaunguza moja kwa hasira na mpaka leo nikikumbuka najiona mpumbavu. Na mji uliokaa juu ya anasa ambayo huna uache, kila anasa mpya inakupa raha 4, kijiji cha watu wawili chenye anasa mpya kinakaribia kujilipia mwenyewe.

Kuhusu ule wa nane uliouchoma raha ikashuka: kuchoma kwenye Civ V si kiberiti mara moja. Mtu mmoja anapungua kila zamu, mji wa watu 10 unaungua zamu 10, na muda wote huo unahesabiwa mji wa mabavu. Kwahiyo unaanza kwa kushuka, halafu unapanda polepole kadiri watu wanavopungua. Ukiteka mikubwa mitatu mipya ukaichoma kwa mpigo ukiwa -17 utafika -20 na kupita, na huko waasi wanaanza kuzuka ndani ya mipaka yako, wanavunja mashamba. Ndogo kwanza, kubwa ipe mahakama.

Mara nyengine, mji wowote unaouteka uache kibaraka kwanza, hata kama unautaka. Upinzani uishe ukiwa kibaraka, halafu zamu ile ile unautwaa na kununua mahakama, umeruka ile nuna yote. Kibaraka ana kasoro zake, hakusikilizi unachotaka ajenge, anajenga majumba yake anavotaka mwenyewe, jeshi hatoi, na kama una nyongeza ya Brave New World elimu na utamaduni wake unapungua robo. Lakini hakupandishii bei ya sera zako kama mji uliotwaliwa, na dhahabu analeta. Kibaraka wa kutoa dhahabu tu miaka mia mbili mie sina ugomvi nae.

Kwenye bao ukila kete za mwenzio unazipanda upande wako, huna kuzikataa wala kuzitupa. Hapa unaweza kukataa. Wengi hatujui tu kama tunaweza.

*

*Ankali, mji mbovu naweza kuuuza?*
*Wa Jang'ombe*

Unaweza. Civ V na Civ VI zote zinaweka miji mezani kwenye mapatano, unaweza kuutoa kwa dhahabu, kwa bidhaa, au hata bure. Bei usitegemee sana, wakati mwengine kompyuta inakupa vizuri, wakati mwengine inakuangalia kama unamuuzia samaki wa jana. Mie kuuza napenda kwa sababu nyengine. Mji ule uliokaa mpakani na jirani mkorofi, mpe jirani wa tatu, mnyonge ambae hana ugomvi na mtu. Sasa yule mkorofi akitaka kuja kwako kuna mtu kakaa katikati. Na ukiwa unafunga vita, mji usioutaka mrudishie mwenyewe kwenye mkataba wa amani na wewe ukadai vitu vyengine, maana kompyuta inathamini mji wake kuliko wewe unavouthamini. Umeuteka kwa manati mbili, unaurudisha kwa dhahabu za zamu thalathini, biashara hiyo.

*

*Ndugu mwandishi, mie si mchezaji. Ni mama na ni mwalimu wa historia, naishi Fuoni. Mwanangu ana miaka 14, juzi tuko mezani tunakula namuuliza vipi leo, ananambia "mama leo nimechoma miji miwili na mmoja nimemuekea kibaraka". Baba yake akacheka mie sikucheka. Hii gemu inamfundisha nini huyu mtoto?*

Mwalimu wangu, shikamoo. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nataka nilijibu kwa somo lako mwenyewe.

Hayo anayoyasema mwanao hayakubuniwa na watu wa kompyuta. Kuchoma mji, kuuwekea kibaraka, na kuutwaa rasmi uwe wako, yote matatu yashafanywa kwenye mwambao wetu huu, na mengi yake ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida kafika Kilwa mwezi wa Julai, kauteka mji, mtawala wake Amir Ibrahim kakimbia, na Mreno hakukaa mwenyewe kwenye kiti, kamuweka mtu wao, Muhammad Ankoni, wakajenga na ngome. Huyo ndio kibaraka. Mwezi uliofuata wakafika Mombasa, watu wa Mombasa wakapigana, Mreno akaupora mji na kuutia moto kisha akaondoka zake. Huko ndio kuchoma. Na kuutwaa rasmi kukaja baadae, pale pale Mombasa, walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuweka askari wa kukaa.

Sasa muulize mwanao mezani: ipi katika hizo ilimlipa Mreno? Kilwa waliiacha wenyewe mwaka 1512, ngome wakaiacha nyuma, miaka saba tu. Mji ulikuwa unatajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, wao wakauteka, biashara ikapita kwengine, wakabaki na mji unaotaka kulishwa na kulindwa na hauleti kitu. Mwanao akisikia hivo ataelewa haraka kuliko wanafunzi wako wote maana yeye jana kafanya kosa hilo hilo. Mombasa walioichoma ilirudi kuwa mji wenye nguvu mpaka wakalazimika kuja kuipiga tena mwaka 1528. Na ile waliyoikalia kwa ngome waling'olewa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu.

Na kibaraka wa karibu na nyumbani upo nae kwenye mtaala. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash kashika kasri hapa Mjini baada ya Sayyid Hamad kufariki, manowari za Waingereza zikapiga mizinga dakika arubaini hivi, Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, na siku hiyo hiyo wakamuweka Hamoud bin Mohammed. Bendera nyekundu ikabaki inapepea, sultani akabaki na kiti, na maamuzi yakatoka kwengine. Kwenye gemu kibaraka ni hivo hivo, mji una rangi yako kwenye ramani lakini jina lake unaliacha.

Kwahiyo mie sikwambii mtoto anapotea. Nnachokwambia, akisema "nimechoma" muulize "ulikuwa na watu wangapi?" Kwenye Civ V ataona namba ile inapungua moja moja kila zamu, na akishaizoea namba hiyo mbele ya mama yake mwalimu wa historia, sidhani kama atasema tena huku anatafuna. Na saa za kulala muwekee, hilo ni jambo jengine, hii gemu ya "zamu moja tu nalala" imetuharibia sote alfajiri zetu.

*

*Ankali mie wa Makunduchi, nacheza Civ VI na nyongeza zake zote. Kuna mji mmoja wa jirani uko kwenye ncha ya nchi yake, nimeuteka, zamu sita mbele umeasi umekuwa mji huru, nikauteka tena, ukaasi tena, nimeuteka mara tatu sasa Ankali, mara tatu! Jeshi langu linakwenda na kurudi kama daladala. Niuache au?*

Dada, umenichekesha na daladala.

Mji wako hauasi kwa ubaya wako, unaasi kwa sababu ya majirani. Tokea nyongeza ya Rise and Fall ya mwaka 2018 kila mji una utiifu, kutoka 0 mpaka 100, ukifika sifuri mji unajitoa. Na utiifu unasukumwa na watu, miji yote iliyo ndani ya vyumba 9 vya ramani inauvuta kwa wingi wa watu wake, na kadiri ilivyo karibu inavuta zaidi. Wewe umechukua mji wa pembeni, umezungukwa na miji mikubwa ya yule yule uliyemnyang'anya, miji yako iko mbali. Ni kama umechukua mtoto mmoja kwenye familia ukamuweka nyumba ya pili, kila jioni anasikia ndugu zake wanacheka upande wa pili wa ukuta, utamzuia mpaka lini?

Unayo gavana? Gavana akishatulia mjini anaongeza utiifu 8 kila zamu, lakini wengi wanachukua zamu 5 kutulia na wewe mji wako unaondoka zamu ya sita, unaona mchezo ulivo. Victor ndio wa kazi hii, yeye anatulia zamu 3. Mpeleke zamu ile ile unayoteka. Kikosi kikae ndani, na kama mnara wa kumbukumbu haupo ujenge, unaongeza kidogo. Angalia na zama ulizomo, ukiwa kwenye zama za giza watu wako wenyewe nguvu yao ya kuvuta inashuka nusu, na jirani akiwa kwenye zama za dhahabu yake inapanda. Kipindi kama hicho usiteke mji wa pembeni kabisa, utakuwa unamfanyia mtu mazoezi.

Dawa ya uhakika lakini ni kuendelea mbele. Usisimame kwenye mji ule wa ncha, chukua ule mkubwa uliokaa nyuma yake, maana ndio unaovuta. Ukiuchukua ule watu wake wanageuka kuvuta upande wako na huu mdogo unatulia wenyewe. Wachezaji wengi wanateka kidogo kidogo kwa woga kumbe Civ VI inawapenda wanaoteka mfululizo, miji mitatu ndani ya zamu chache inashikana yenyewe.

Kama huwezi kuendelea basi achana nao. Ukiwa mji huru hauna mwenyewe, na kama miji yako ndio inayouvuta zaidi unaweza kuja kwako wenyewe bila vita. Au uchome, ila hapa usikilize vizuri: Civ VI kuchoma ni pale pale ulipouteka, unachagua kuubakisha au kuuchoma, na ukichoma unaondoka wote papo hapo. Ukishabonyeza kuubakisha, huwezi kugeuka kesho ukasema nimebadili mawazo. Wewe una bahati ya ajabu kwamba kila ukiasi na kuuteka upya swali linarudi, umeulizwa mara tatu na mara zote tatu umesema nabakisha! Na kuchoma kwenye nyongeza ya Gathering Storm kunakupandishia malalamiko kwa wenzio kuliko kuubakisha, kwahiyo si bure. Mji mkuu wa asili wa mtu haukubali kuchomwa hata ukitaka.

Jengine, mpaka mwenyewe akubali kukuachia mji kwenye mkataba wa amani unahesabiwa umekaliwa tu, haukui, mazao yake madogo. Vita ikiisha hakikisha umeuweka mezani akauachia kwa jina.

*

*Ankali nina simu ndogo na bando sina, hizi gemu zenu za laptop mie nazicheza wapi?*
*Wa Konde*

Tafuta Unciv. Ya bure, nyepesi, ukishaipakua haitaki intaneti, na kanuni zake zimefuata Civ V, kuna kutwaa, kibaraka na kuchoma kama nilivomueleza wa Chake hapo juu, hesabu za raha tu zinapishana kidogo. Picha zake si nzuri, nakwambia mapema usije ukanilaumu. Na ukipata kompyuta kongwe hata ile iliyotupwa stoo, Freeciv inacheza humo, ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Aarhus, Denmark miaka ya tisini. Huko tatizo la miji mibovu ni dogo, mji ukitekwa unapungua mtu mmoja, kwahiyo kijiji cha mtu mmoja kikitekwa kinafutika chenyewe.

*

*Ankali kila siku unatujibu sisi, wewe mwenyewe mji usioutaka unafanyaje?*
*Msomaji wa Mlandege*

Siingii.

Kweli, hiyo ndio siri yote niliyonayo baada ya miaka yote hii. Watu wanadhani mji ukishuka uhai mpaka chini lazima uingie, kama mtu aliyeona mlango uko wazi basi lazima apite. Kwenye Civ V mishale na manati haiteki mji, inaushusha tu, wa kuuteka ni askari wa mkono. Kwahiyo mie naweka manati nyuma, mji nauweka pale chini kabisa hauna nguvu ya kunidhuru, na askari wa mkono nawapeleka mashambani wavunje. Kila shamba au mgodi wanaouvunja wanapata dhahabu na wanapona majeraha kidogo, jirani anakosa chakula na mapato, na mie sina mji wa kulisha. Halafu nangoja. Zamu chache yeye mwenyewe anakuja kuomba amani, na anatoa vitu ambavyo asingetoa kama ningeshauchukua ule mji, maana angekuwa hana tena cha kuogopa kupoteza.

Kabla ya vita najiuliza mji huu naufuata kwa sababu gani, anasa, bandari, njia, au ni mji mkuu nnaouhitaji ili nishinde. Kama jibu ni "kwa sababu upo", sendi. Kuna sababu moja nyengine ya halali, kwamba mji wenyewe ni sindano ubavuni, yani manowari zinatokea humo kila baada ya zamu tano. Huo nauteka na nauchoma na silii.

Hili nililijifunza kwenye Civ III, ya mwaka 2001, wengine hamjaiona. Mle mji uliotekwa ukivutwa na utamaduni wa mwenyewe ulikuwa unarudi kwake, na jeshi lote ulilolikalisha ndani linapotea nalo, halifukuzwi, linapotea tu. Mie nliweka vikosi vinane kwenye mji mmoja nikisema sasa niko salama. Asubuhi yake hakuna mji, hakuna vikosi. Nikazima kompyuta nikaenda Forodhani kula urojo.

*

*Ankali, hii aibu lakini nauliza. Nacheza Civ VI, nikaona kuna mji-dola unaitwa Zanzibar, karibu yangu kabisa, nikasema wallahi kwetu hapa siachi mtu mwengine apakamate, nikapeleka jeshi nikaiteka. Kabla ya hapo nlikuwa napata karafuu na mdalasini kutoka kwao, miji yangu yote inacheka, sasa nimeshaiteka na karafuu sizioni! Zimekwenda wapi?*
*Mzaliwa wa Wete, niko Unguja kwa masomo*

Yakhe! Umekata mkarafuu ili uchume karafuu.

Nimecheka mpaka mke wangu katoka jikoni kuniangalia, sasa nakujibu. Kwenye Civ VI Zanzibar ni mji-dola wa biashara, na ukiwa wewe ndio umeupelekea wajumbe wengi kuliko wote, wajumbe watatu kwenda juu, unakuwa mlezi wake na unapewa karafuu na mdalasini. Bidhaa hizo hazipatikani kwengine kwenye ramani, hazilimwi, hazichimbwi, na kila moja inaburudisha miji 6 wakati anasa za kawaida zinaishia miji 4. Mbili pamoja ni 12. Sasa zile karafuu hazimo ardhini, zimo kwenye ule ulezi. Ulipouteka mji ulezi ukafa, kwako na kwa kila mtu. Umebaki na mji mmoja wa kawaida ufukweni, una mdomo wa kulisha na bidhaa hakuna, na watu wako miji yote wamenuna kwa mpigo.

Una sevu ya kabla ya vita? Irudie, na usione haya, hapa hatuna mwamuzi. Kama huna, kuuchoma huwezi tena maana ulishaubakisha, na bora hivo, ungeharibu mara mbili na malalamiko yangeongezeka bure, basi ukae nao kama mji wako, ujenge bandari na soko, uutumie kwa misafara ya biashara. Anasa zilizopungua zitafute kwa kubadilishana na majirani, ingawa wengine wamekununia kwa hiki hiki ulichofanya.

Gemu ijayo wajumbe mapema, usiku na mchana, na ukisikia mtu mwengine kaiteka Zanzibar hapo ndio upeleke jeshi, maana mji-dola uliotekwa na mtu ukiuchukua unapewa chaguo la kuukomboa, unarudi kuwa dola wenyewe na unakushukuru, na karafuu zinarudi sokoni.

Jambo moja linaniuma kidogo nalo ni hilo jina. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na ya Pemba ikasalimika, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu zetu inachumwa upande wenu, wewe wa Wete unalijua hilo kuliko mie, ila waliotengeneza gemu wameandika Zanzibar tu wakamaliza. Mie nimejitatulia mwenyewe. Kwenye gemu nnayoicheza sasa Zanzibar iko salama na wajumbe wangu saba wamo ndani, na mji wangu wa bandari unaotazamana nayo nimeubadilisha jina, nimeuita Wete, ili karafuu zikija zipite kwao kwanza.